Mama yuko msumarini

Kwenye dirisha la jikoni kwa mama, upande unaotazama bondeni, kuna msumari wa inchi tatu. Hautundikwi chujio wala mwiko. Kazi yake ni moja tu, kushika simu.

Simu yenyewe ni kitochi, kimefungwa kamba ya kiatu ili kining'inie vizuri. Kikiwa pale msumarini kinapata vimstari viwili, siku nzuri vitatu. Ukikishusha hadi usawa wa meza, hakuna kitu. Kwa hiyo ukimpigia mama, vumilia. Kitaita mpaka kikate, utapiga tena, naye huko ataacha kuni zake, atanawa mikono, atasogea dirishani, atabonyeza, ataweka sauti ya nje, halafu atasimama hapohapo uso ukiwa karibu na wavu wa dirisha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Sema, niko msumarini."

Kwetu maneno hayo yamekuwa ya kawaida kabisa. Watoto wa dada yangu waliozaliwa Dar es Salaam wanadhani msumarini ni jina la mahali. Lakini maneno ya msumarini hayana siri. Dada alipopewa majibu mazito hospitalini, ilibidi tukae na habari ile saa nzima tukisubiri jirani aliyekuja kuomba moto aondoke, maana sauti ya nje inasikika hadi barazani. Mama yetu alisikia habari ya ugonjwa wa binti yake akiwa amesimama wima, ameshika nondo za dirisha, hana mahali pa kukaa kwa sababu akikaa simu inakata.

Kijiji chetu kiko Usambara Magharibi, wilaya ya Lushoto. Anayeijua njia hiyo anajua kwamba ukiiacha barabara kuu pale Mombo unapanda kilomita 33 hivi za kona hadi Lushoto mjini, na sisi tuko mbele ya hapo, ng'ambo ya mgongo mmoja wa mlima. Wanaolima kwetu wanalima kabichi, karoti, nyanya, hoho na plamsi. Fuso zinapakia jioni, asubuhi mzigo uko Dar es Salaam. Na bei ya tenga la nyanya soko la Ilala hubadilika kati ya alfajiri na saa nne. Mwenye simu inayoshika mtandao anaijua bei hiyo kabla dalali hajamfikia shambani. Asiyenayo anaambiwa na dalali.

Kinachonikosesha usingizi ni kwamba kwenye karatasi mama yangu ana mtandao.

Niligundua hivyo siku niliyokwenda ofisi ya kata kuuliza. Afisa mtendaji, mtu muungwana sana, aliniambia, "Kata yetu ilishafikiwa, ndugu yangu. Mnara si ule?" Na kweli mnara upo, unaonekana pale makao makuu ya kata, mwekundu na mweupe, umesimama vizuri. Umejengwa upande ule wa mgongo. Mama yuko upande huu. Mawimbi ya simu hayapindi kona kama Fuso.

Nikaanza kufuatilia jambo hili kwa jinsi linavyofanya kazi, na nitalieleza kama nilivyolielewa, maana naamini wengi wetu tunalalamikia mtandao bila kujua unaamuliwa wapi.

Kampuni ya simu hujenga mnara mahali ambapo vocha zitakazonunuliwa zitalipa gharama. Mahali ambapo hazitalipa, haijengi, na kwa biashara yake iko sahihi. Ndiyo maana ilitungwa sheria ya mwaka 2006 iliyoanzisha Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, ulioanza kazi 2009. Kampuni zinachangia mfuko sehemu ya mapato yake, serikali na wafadhili wanaongeza, kisha mfuko unaorodhesha maeneo ambayo biashara peke yake haiwezi kuyafikia na kuyatangazia zabuni. Kampuni zinashindana na anayeshinda anapewa ruzuku ajenge. Ni utaratibu mzuri, nausema hivyo kwa moyo mmoja. Bila mfuko huo kuna kata nyingi sana za nchi hii ambazo hadi leo mjamzito akishikwa na uchungu usiku mtu angetumwa kwa miguu.

Tarehe 13 Mei 2023, Dodoma, mbele ya Rais Samia, zilisainiwa hati za ujenzi wa minara 758 katika kata 713, na minara mingine ya zamani iliyokuwa na 2G tu, ule mtandao wa kupiga na kutuma ujumbe, ikapangiwa kuongezewa nguvu. Nilisikiliza matangazo yale nikiwa kwenye daladala nikafurahi sana. Kisha nikatoa kalamu. Minara 758, kata 713. Kila kata ikipata mmoja, inabaki 45 ya kugawana. Maana yake ni kwamba kwa kata zilizo nyingi, mnara ni mmoja tu.

Sasa kata ni nini? Kata ina vijiji vitatu, vinne, hata sita. Kila kijiji kina vitongoji vyake. Kule Dodoma kwenye tambarare, mnara mmoja uliosimama vizuri unaweza kuhudumia vijiji vya mbali. Usambara, Uluguru, Livingstone, Upare, mnara mmoja unahudumia bonde moja. Lakini zabuni imeandikwa kwa kata, ripoti imeandikwa kwa kata, na mnara ukiwashwa kata nzima inatoka kwenye orodha ya wenye shida. Ikishatoka, nani ataikumbuka? Mama yangu ameondolewa kwenye foleni kabla hajahudumiwa.

Takwimu za TCRA, mamlaka inayodhibiti mawasiliano nchini, zinasema mtandao wa 2G unawafikia karibu asilimia 98 ya watu. Sina sababu ya kubishana na hesabu hiyo jumla. Ila sensa ya 2022 ilituhesabu watu milioni 61 na ushee, kwa hiyo hata ile asilimia 2 iliyobaki ni zaidi ya watu milioni moja na laki mbili. Na ndani ya ile 98 wamo akina mama wa msumarini, nao sijui wanahesabiwaje na nani.

Nilipata kufanya kibarua cha miezi minne kwa mkandarasi wa minara, mkoa mwingine kabisa, zamani kidogo. Kazi yangu ilikuwa kubeba: saruji, vyuma, betri. Betri za mnara ni nzito ajabu, mnabeba wawili kwa mti kama mnavyobeba mgonjwa kwenye machela, na mkiteleza hakuna wa kumlaumu. Ni pale nilipojifunza kwamba mnara unakula. Kama TANESCO haijafika, unakula dizeli, au jua likiwa zuri unakula jua na usiku unakula betri. Dizeli inapandishwa kwa pikipiki wakati wa masika kwa sababu gari haliwezi. Ikichelewa, jenereta linazima, betri zinavuta saa kadhaa kisha nazo zinakata roho. Eneo letu lilizima Ijumaa jioni moja, likawaka Jumatatu mchana. Mlinzi wa pale alikuwa mzee mmoja mwenye tochi na mbwa. Siku hizo tatu kila aliyepita njiani alimgombeza yeye, kama vile yeye ndiye aliyekunywa dizeli.

Nilijifunza na jambo lingine. Siku gari la vipimo lilipokuja kupima kama mawimbi yanafika, lilipita barabarani. Lingepita wapi tena? Lina simu kadhaa zimefungwa mbele, kompyuta, na antena juu ya paa, linatembea taratibu likirekodi. Lakini barabara zetu za milimani zimechongwa kwenye migongo na kando ya miteremko iliyo wazi, palepale ambapo mawimbi ni mazuri. Kitongoji kisicho na barabara hakipimwi. Nyumba za bondeni hazipimwi. Ukirudi na ramani ya rangi ya kijani, ile kijani ni ya barabara, na watu hawalali barabarani.

Watu wengi hawajui kuwa mawimbi yana tabia tofauti, na hili lingeelezwa vizuri lingebadilisha mjadala. Mnakumbuka ving'amuzi? Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ya televisheni ilizimwa Dar es Salaam, Tanga nayo ikafuata mwanzoni mwa 2013, na nchi nzima ikalalamika kwamba televisheni zimegeuka masanduku. Sisi tulilalamika kweli. Nyumba ngapi zilikaa miezi bila taarifa ya habari kwa sababu king'amuzi kilikuwa ghali? Lakini kuzima kule kuliacha wazi masafa ya chini, yaani njia za mawimbi hewani, yaliyokuwa yakitumiwa na televisheni, eneo la 700 na 800 MHz. Masafa hayo ni mali. Yanasafiri mbali kuliko masafa ya juu, yanapenya ukuta wa tofali, yanajitahidi kuinama nyuma ya kilima. Kwa nchi ya vijiji vilivyotawanyika hayo ndiyo masafa ya kijijini. Mwaka 2018 TCRA ikapiga mnada masafa ya 700 MHz. Oktoba 2022 mnada mwingine wa masafa mbalimbali ukaingiza dola milioni 187.

Fedha hizo ni nyingi na hazina ya taifa inazihitaji. Lakini mimi, mtoto wa mama anayesimama dirishani, nikisikia masafa yameuzwa ninauliza yameuzwa kwa masharti gani. Masafa yale yaliachwa na televisheni zetu. Wananchi waligharamia kwa kununua ving'amuzi. Mdhibiti akiuza, anaweza kuchukua bei kubwa, au akachukua bei ya wastani na kudai, kwa maandishi na kwa tarehe, kwamba mshindi aanzie vijijini kabla ya kuja kuongeza kasi Masaki na Mikocheni. Mimi ningechagua la pili kila mara, na ningetaka ramani ya vitongoji iambatanishwe kwenye leseni, na kila mwaka ichapishwe ili mtu yeyote aone cha kwake kina rangi gani.

Niliwahi kumnunulia mama simujanja. Nilitaka aone mjukuu wake akijifunza kutembea. Tuliiweka msumarini, ikaonyesha ile herufi E, ya intaneti ya polepole. Nikatuma picha moja tu, si video. Duara likazunguka. Mama akaweka chai jikoni, chai ikachemka, ikafurika, akaiondoa, akarudi kutazama, linazunguka. Picha ilifika siku ya pili, alipokwenda gulioni. Tangu siku hiyo simu ile imefungwa kwenye khanga, iko kabatini, anasema anaitunzia siku mtandao ukija. Nimemwambia mara nyingi kwamba simu haitunzwi kama sahani za wageni, betri inakufa. Anasema sawa, na hatoi.

Na tuseme mnara unajengwa upande wetu kesho, wenye 4G kamili. Linabaki la bei. Wote tunakumbuka Aprili 2021. Kanuni mpya za vifurushi zilianza tarehe 2 mwezi ule, bei elekezi ikiwa kati ya shilingi 2.03 na 9.35 kwa MB. Wengine waliamka wakakuta bando walilolizoea limekatwa nusu, kelele zikapigwa nchi nzima, na siku hiyohiyo zikasitishwa. Watu wa mjini walishinda siku ile, nami nilikuwa mmoja wao. Lakini fanya hesabu kwa bei ile ya chini kabisa: GB moja ni shilingi 2,079 hivi. Kwetu kibarua cha kupalilia kutwa kinalipwa 5,000. Mtu anaacha karibu nusu ya jasho la siku kwa GB moja. Tume ya Broadband ya Umoja wa Mataifa iliweka lengo mwaka 2018 kwamba hadi 2025 bei ya kifurushi cha msingi isizidi asilimia 2 ya wastani wa pato la mtu kwa mwezi. Ni lengo zuri, lakini wastani wa nchi ni kitu kilekile cha kata. Unamchanganya meneja wa benki na mpalilia karoti, unagawa kwa mbili, kisha unasema wote wanaweza kununua.

GSMA, umoja wa kampuni za simu duniani, umekuwa ukionyesha katika ripoti zake kwamba Afrika kusini mwa Sahara watu karibu 6 kati ya 10 wanaishi palipo na mtandao wa intaneti lakini hawautumii, na wasiofikiwa kabisa ni wachache kuliko hao. Sababu ziko nyingi: simu ghali, bando ghali, kutojua kusoma vizuri, kukosa umeme wa kuchaji, na wanawake wengi kuishia na kitochi huku simujanja ya nyumba ikiwa mfukoni mwa baba. Hilo la mwisho ninaliona kila ninapokwenda nyumbani, na halizungumzwi vya kutosha. Kwenye takwimu tunaambiwa laini za simu nchini zimepita milioni 80, nyingi kuliko watu. Ni kweli, maana wengi wetu tuna laini mbili au tatu. Mjomba wangu ana nne. Anabadilisha kulingana na kilima alichosimama.

Hapo kwenye laini nne ndipo ninapoona uzito wa mdhibiti kuliko mahali pengine. Mnara wa kata yetu ni wa kampuni moja. Laini ya mama, yenye pesa zake za mauzo ya plamsi, yenye namba ambayo watoto, shangazi na mchungaji wanaijua kwa kichwa, ni ya kampuni nyingine. Hata akipanda hadi pale ambapo mnara ule unamulika wazi, simu yake inaupita kama mgeni. Tangu 2017 unaweza kuhama mtandao na namba yako, ni kweli, lakini akihamia mtandao unaomfaa kule kwenye kata, siku akija Dar es Salaam au Korogwe mambo mengine yanageuka, na fedha zake za kwenye simu inabidi azihamishe kwanza.

Wenzetu wa Rombo, kule mpakani, simu zao mara nyingi hujikuta zimeingia kwenye mtandao wa Kenya. Inawauma, inawagharimu, na wabunge wao wamelisema. Lakini nilipolifikiria nikaona jambo moja: kampuni ya nchi jirani inaweza kuipokea laini ya Mtanzania, ikaihudumia, wakadaiana kwa hesabu zao baadaye. Inakuwaje ndani ya nchi moja, kwenye mnara uliojengwa kwa ruzuku ya umma, laini ya kampuni B isipokelewe na mnara wa kampuni A? Mitambo inaweza. Kinachokosekana ni sharti. Mnara uliojengwa kwa fedha ya mfuko ungepaswa kumpokea mwananchi yeyote mwenye laini yoyote iliyosajiliwa kwa kidole chake, na kampuni zilipane kwa bei iliyowekwa na TCRA, kama zinavyolipana simu ya mtandao mmoja inapopigwa kwenda mwingine. Mdhibiti alishaonyesha kuwa anaweza kusimamia malipo ya namna hiyo. Machi 2013 ada ya kampuni kupokea simu ya mwenzake ilishushwa hadi shilingi 34.92 kwa dakika, na imeendelea kushushwa tangu hapo. Ndiyo maana leo tunapiga mitandao yote bila kujiuliza mara mbili. Nani anakumbuka siku zile za kuwa na simu mbili mfukoni kwa sababu kupiga mtandao mwingine kulimaliza vocha?

Mei 2024 nyaya mbili za intaneti za baharini, EASSy na SEACOM, ziliharibika kwa wakati mmoja na nchi nzima ikaonja kwa siku kadhaa kile ambacho kijiji chetu kinaishi nacho. Ofisini kwetu watu walikuwa wakali, wakasimama madirishani na simu zao zimeinuliwa juu. Niliwatazama nikamkumbuka mama.

Desemba iliyopita nilikwenda nyumbani na daftari. Niliazima kitochi cha mama na laini za mitandao mitatu, nikapita kitongoji chetu nyumba kwa nyumba na mpwa wangu. Kila nyumba tulipima mahali pawili: mlangoni, na pale wanapolala. Tulipita nyumba 27. Mlangoni, laini yoyote kati ya tatu ilishika kwenye nyumba 11. Pale wanapolala, nyumba 4. Kwa bibi mmoja anayeishi peke yake, chini kabisa karibu na kijito, hakuna kilichoshika popote, hata tulipopanda juu ya paa la banda lake la mbuzi. Alituuliza kama tunatoka serikalini. Mpwa wangu akamwambia hapana bibi, tunatoka kwa mama fulani, huyu ni mwanawe. Akasema hata hivyo tuandike.

Tumeandika. Barua iko ofisi ya kata, imegongwa mhuri mbele yangu, nakala imekwenda halmashauri na nyingine ofisi ya kanda ya TCRA, ikiwa na jedwali la nyumba zote 27 bila majina. Afisa mtendaji aliisoma hadi mwisho, akaniomba ruhusa ya kuwaonyesha wenyeviti wa vitongoji vingine ili nao wapime vya kwao. Wawili wameshaanza.

Nakala ya nne alibaki nayo mama. Aliisoma akiwa amesimama pale dirishani kwenye mwanga, akaikunja mara mbili, akafungua kabati, akaiweka ndani ya khanga ileile yenye simu.